Miguu Nyuma ya Bukuru

Juzi mteja alikaa kwenye kiti changu saluni, hapa Joubert Park, shingo imemkaza upande mmoja, na kabla sijamgusa hata unywele nikaipata ile harufu. Dawa ya kuchua misuli, ile kali inayopanda puani mpaka macho yanalengwa na machozi. Alikuwa amejipaka kama anayejipaka mafuta ya mwili. Mikono yangu ikasimama hewani na kitana ndani yake. Akanitazama kwenye kioo. "Vipi dada, umeona chawa?" Nikamwambia hapana, mama, tulia, nimekumbuka nyumbani tu. Nilimsuka mpaka mwisho, lakini sikuwa naye. Nilikuwa La Rochelle, mtaa wa nyumbani kwetu hapa hapa jijini, mtoto wa shule ya msingi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, namchua kaka yangu mgongo.

Kaka yangu anaitwa Bukuru. Watu wa kwetu mkisikia jina hilo tu mnajua kuna mwingine. Kwa Warundi pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na anayezaliwa nyuma yao, awe wa kike awe wa kiume, ni Ciza. Ciza ndiye mimi. Sikuchaguliwa jina, nilikuta foleni imeshapangwa. Mama naye jina lake lilikwisha siku aliyowazaa wale wawili. Kanisani, sokoni, hata kwenye spaza, kile kiduka cha kona, alikuwa Mama Mapasa, kama wanavyosema kwao Uvira, yaani mama wa mapacha. Ukimwita vinginevyo hageuki.

Butoyi nilimjua bila kumwona. Bukuru akinunuliwa viatu, zinanunuliwa jozi mbili. Sweta ni mbili, miswaki ni miwili. Vitu vya Butoyi vilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda, vipya, na kila Bukuru alipoongezeka urefu, Mama aligawa vile vya zamani kanisani na kuweka vikubwa. Hakusema hata siku moja kwamba Butoyi alikuwa. Alisema yuko. "Butoyi hapendi pilipili." "Butoyi naye leo ni siku yake." Mimi niliona sawa tu. Baba alikuwa mlinzi Sandton, wikendi zote yuko kazini, naye sikumwona sana. Nilidhani nyumba zote zina mtu wa namna hiyo, ambaye yuko ila hajaingia bado.

Kazi yangu ilikuwa sahani yake. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Mama alipakua ugali, maharagwe na ndagala chache, dagaa wa kwetu, kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu, akaifunika kwa sahani nyingine, akanipa. Nilitoka nayo mpaka nyuma ya mlango wa uani, pale penye kivuli kati ya ukuta na karo ya kufulia, nikaiweka chini. Halafu kuna sharti. Ukishaiweka, unaondoka, na hugeuki nyuma. "Ukigeuka atasita," Mama aliniambia. "Akisita hatakula." Basi nilikuwa natembea kutoka pale hadi getini shingo imenyooka, vidole vya miguu vimekakamaa ndani ya viatu vya kanisani, mgongo wote unanisisimka. Jumapili asubuhi mtaa ule unakuwa kimya mno, upepo tu unaoleta vumbi la manjano kutoka kilima cha mchanga wa mgodi. Tukirudi mchana, sahani ni tupu. Mama anaitazama, anaguna kidogo, anaiosha peke yake.

Ninyi watu wazima mmeshaelewa. Mimi sikuelewa, na hakuna aliyenieleza, kwa sababu kwetu pacha haliliwi. Akiondoka mmoja, neno la kufa halitamkwi na kilio hakipigwi, maana aliyebaki akilisikia atamfuata mwenzake. Ndivyo bibi alivyomfundisha Mama, na Mama alilishika kama mtu anavyoshika mlango usifunguke. Tulikuwa tunaishi Alexandra zamani, mimi nikiwa wa mgongoni bado. Ikaja ile wiki ya fujo, watu wenye marungu wanapita vibandani wakitafuta wageni. Mama alinifunga kwa kitenge, akawaambia wale wavulana wawili washikane mikono wakimbie mpaka kituo cha polisi, yeye anakuja nyuma yao. Kulikuwa na moshi na watu wengi. Mikono ikaachana. Bukuru alikimbia bila kugeuka kwa sababu alisikia miguu ya Butoyi nyuma yake, viatu vyake vya shule, njia nzima, mpaka kwenye geti la kituo. Pale ndipo alipogeuka. Hakukuwa na mtu. Butoyi hakupatikana siku hiyo, wala mwili wake haukupatikana baadaye.

Sasa fikirini mvulana kama huyo anakua, na mchezo anaouchagua kati ya michezo yote ya dunia ni wa kufukuzwa.

Siyo ragbi, ingawa wavulana wa mtaani waliwacheka wachezaji wakisema ni ragbi ya waoga wanaovaa mito. Ni ule mpira wa Wamarekani. Kocha wake alikuwa mtu wa Soweto aliyesoma huko, akarudi na Kiingereza cha puani na gunia la kofia ngumu zilizotumika, akaanzisha timu kwenye uwanja wa shule karibu na kwetu. Alimwona Bukuru akivuka barabara mbio kabla robot, ile taa ya barabarani, haijageuka nyekundu, akamfuata mpaka dukani. Akampa nafasi inayoitwa running back, na Mama, ambaye alilitamka "raningi beki" na kulitamka mara nyingi, aliieleza vizuri kuliko kocha: wanampa mpira mkononi, halafu watu wote wanataka kumuua. Kazi yake ni kupenya katikati yao na kukimbia asikamatwe.

Na hakukamatwa. Wenzake walimpachika jina Tokoloshe, yule kijini wa huku asiyekamatika. Mama aliposikia alitoka na mwiko mpaka getini, wale wavulana wakatawanyika. Mimi nilikuwa naenda mazoezini naye kila siku baada ya shule (Jumapili tu alikwenda peke yake, sisi tukiwa kanisani), nakaa nje ya uzio, namtunzia begi. Nilikuwa na maelezo yangu kuhusu mchezo ule, msinicheke. Zile kofia zenye vyuma usoni, nilidhani ni za kuzuia roho isitoke mtu akigongwa. Wale waliokuwa wakimfukuza nilidhani ni watu wa Alexandra, sasa wamekuwa wakubwa na wamepewa sare. Na ule mpira, uliochongoka pande mbili kama papai bichi, ambao Bukuru aliukumbatia kwapani na kuufunika kwa mkono mwingine asinyang'anywe, nilidhani ndiye Butoyi. Niliona ni haki kabisa. Safari hii anambeba mwenyewe, hamwachii mkono.

Lakini alasiri moja ya Agosti, majani ya uwanja yamekauka mpaka yanavunjika, nikasikia. Bukuru alikuwa anakimbia peke yake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wenzake wanakunywa maji. Tap, tap, tap, miguu yake mizito. Na nyuma yake kidogo, mingine. Myepesi, ya haraka zaidi, kama ya mtu mwenye hatua fupi anayejitahidi asiachwe. Kaka akisimama, ile inaendelea kidogo, halafu nayo inasimama. Leo naweza kusema ulikuwa mwangwi wa ukuta wa madarasa. Siku ile nililikumbatia begi lake tu. Nikamwona Bukuru anageuka, anatazama nyuma yake, anasubiri. Kwa hiyo naye alisikia.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Alikuwa na mbio kuliko mvulana yeyote wa jiji hili, lakini akipenya tu, njia ikiwa nyeupe mbele yake, anageuza kichwa. Kila mara. Na katika mchezo ule anayegeuza kichwa hamwoni anayemjia. Mara moja alipigwa ubavuni mpaka akatapika. Mara nyingine bega lilichomoka, nikawa namchua kila jioni kwa ile dawa yenye harufu, macho yananitoka machozi mimi, si yeye. "Unatafuta nini nyuma, kaka?" nilimwuliza. Akasema, "Chua, Ciza. Chua tu."

Kocha akaja nyumbani. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, Mama akamwekea chai, mimi nikawekwa katikati kutafsiri, kwa sababu Kiingereza cha Mama kilikuwa cha kuuzia vitenge tu. Bukuru alisimama mlangoni. Kocha akasema kuna shule huko Marekani, ina bweni, ina chakula, wanataka wavulana wanaokimbia hivi. Kuna mama mmoja wa shule hiyo anakuja kumwona kwenye mechi. Akimpenda, Bukuru atasoma bure na kucheza, na akicheza vizuri milango mingine itafunguka. Akigeuza kichwa mbele ya mgeni, basi imekwisha; na hata wakimchukua, kule wanaume ni wakubwa, watamvunja shingo. "Sisemi kwa kutisha," kocha alisema. "Watamvunja kweli. Mama, mtoto wako anamtafuta nani nyuma?"

Nikatafsiri. Mama alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Anamtafuta mdogo wake," akasema. "Pacha wake."

Nikatafsiri. Kocha akainuka nusu kwenye kiti. "Ana pacha? Eish! Kwa nini hajaniambia? Yuko wapi?"

"Yuko," Mama akasema.

"Wanafanana?"

"Sawasawa kabisa."

"Naye anakimbia?"

Mama alitazama mlangoni, lakini si usoni mwa Bukuru. Alitazama nyuma ya bega lake. "Anakimbia," akasema. "Hajapumzika hata siku moja."

Nilitafsiri yote kwa ufasaha mkubwa, na kwa kuwa nilijiona mjuzi nikaongeza la kwangu: kwamba Butoyi ni mwenye haya tu, hata chakula anakula sisi tukishatoka. Kocha akacheka kwa furaha, akampiga Bukuru bega, lile zima. Bukuru angeweza kusema. Lakini neno lenyewe ndilo lile lisilotamkwa, na alikuwa amelelewa ndani yake kama mimi. Akasema, "Sharp, kocha," yaani sawa, akatoka uani.

Wiki ile kocha alileta jezi mbili mpya. Mama alizipokea kama haki yake, akazipima kwa macho, akasema zitawatosha wote wawili. Na kule Marekani, kumbe, kocha alikuwa amekwisha kuwaambia wako wawili.

Siku ya mechi ilikuwa Jumamosi mchana, joto la kabla ya mvua, wingu jeusi limesimama nyuma ya kilima cha mchanga. Mama alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Alinipa jezi ya Butoyi nishike. Mgeni alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya jua na chupa ya maji, mchangamfu, akatusalimia kwa mikono miwili kama aliyefundishwa njiani. Mechi ikaanza. Mara ya kwanza Bukuru kupewa mpira alipita katikati ya watu wazito, nikasikia yule mwanamke anavuta pumzi. Halafu Bukuru akageuza kichwa, wakamkamata mguu, akaanguka.

"Na huyo mwingine?" mgeni akamwuliza kocha. "Mbona simwoni?"

Kocha akageuka kwangu. "Ciza, kaka yako mwingine yuko wapi? Amechelewa?"

Nilishangaa swali lenyewe. Nikanyoosha kidole uwanjani. "Si yule pale. Nyuma yake."

Yule mwanamke akavua miwani. Alitazama nilikoonyesha, akatazama jezi iliyokunjwa mapajani mwangu, akamtazama Mama, na uchangamfu wote ukamtoka usoni. Kocha alikuwa bado anatafuta kwa macho pembeni mwa uwanja. Hapo ndipo Bukuru alipopewa mpira tena. Alipenya. Njia ikawa nyeupe, hakuna mtu mbele yake mpaka mwisho, na mimi nikaisikia ile miguu myepesi waziwazi kuliko siku zote, juu ya kelele za watu. Akageuka. Akageuka mwili mzima, akapunguza mwendo, akanyoosha mkono mmoja nyuma kama anayesema shika. Wakampiga kutoka pande mbili.

Alilala chali, hajitikisi. Na wachezaji wote, wa timu zote mbili, wakapiga goti mmoja baada ya mwingine, vichwa chini. Nimekuja kujua ndiyo adabu ya mchezo ule mtu akiumia. Siku ile nilidhani kila mtu pale uwanjani anajua jambo ambalo mimi silijui.

Mama alivua viatu, akavuka mstari, akaingia. Mwamuzi alimzuia, akampita. Nikamfuata na jezi yangu. Alipiga magoti, akamtoa Bukuru ile kofia, akamshika mashavu. Bukuru alikuwa na fahamu, anatazama mawingu.

"Alikuwa karibu, Mama," akasema. "Safari hii alikuwa karibu kabisa."

"Bukuru. Nisikilize mimi niliyekuzaa." Sauti ya Mama ilikuwa ndogo, kavu. "Butoyi alikufa."

"Mama, usiseme."

"Alikufa, mwanangu. Alikufa siku ile ile, Alexandra. Mikono iliachana, ni watu waliwaachanisha, siyo wewe. Hakuna mtu nyuma yako. Unasikia? Hakuna. Mtoto wangu alikufa, na mimi sijamlilia mpaka leo."

Halafu akaweka mikono kichwani, akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na Mungu asinisikilizishe tena. Ilikuwa miaka yote ile imekaa tumboni, ikatoka kwa mkupuo mmoja katikati ya uwanja wa shule, na wale wavulana wakubwa wote wamepiga goti wakimzunguka. Nilisimama pale na jezi mkononi na nikajua, bila mtu kunieleza, kwamba sahani zangu zote nilizipelekea mtu aliyekufa. Nilichukia. Nilitaka kumpiga mtu. Badala yake nikaketi chini kwenye majani nikalia na Mama, na Bukuru akakaa akatuegemeza sisi wote wawili mabegani, lile bovu na lile zima.

Alikataa kutoka. Kocha alimwambia pumzika, akasema hapana, nipe mpira. Ngurumo zilikuwa zimeanza. Wakampa. Alipita upande wa kushoto, akampangua mmoja, akamruka mwingine, na alipofika kwenye uwazi mimi nilifumba macho kwa sababu hapo ndipo anapogeukaga. Nilisikia miguu yake mizito tu. Tap, tap, tap. Nyuma yake kimya. Nilipofumbua alikuwa amevuka mstari wa mwisho na hajasimama, anaendelea kukimbia mpaka kwenye uzio, akaushika kwa vidole vyote, akabaki pale akitazama barabara mpaka mvua ikatufukuza sote.

Yule mwanamke alikuja kwa Mama kwenye mvua, akamshika mikono, hakusema kitu cha mpira. Nafasi ilikuja baadaye, moja tu.

Tulifanya matanga La Rochelle, kwenye ua ule ule, watu wa kanisa wakakaa nasi, wanawake wakapika. Kwa kuwa mwili haukuwepo, Mama alizika ile jezi. Aliikunja kama anavyokunjwa mtoto, tukaizika chini ya mti wa mpichi, na Baba, ambaye kwa mara ya kwanza aliomba ruhusa kazini Jumamosi na Jumapili, ndiye aliyetupia udongo. Mama akasema sahani basi, imetosha, mtoto amelala.

Siku Bukuru anafunga begi la safari aliniita pembeni. "Ciza, nikikwambia kitu utakasirika?" Nikamwambia sema kwanza. Akasema, "Ile sahani. Mimi ndiye nilikuwa naila. Jumapili ninyi mko kanisani mimi natoka mazoezini, njaa inaniua, nikasema mbona ni ya pacha wangu." Nilimpiga kofi la mgongoni mpaka mkono ukaniuma. Ndagala zangu zote zile! Shingo yangu yote ile niliyonyoosha! Alicheka mpaka akalia, nami nikacheka, na jioni ile kwa kweli nilijisikia mwepesi. Basi lilikuwa jambo la kawaida tu, mvulana mwenye njaa. Kesho yake akaondoka.

Jumapili ya kwanza bila yeye, nilikosa cha kufanya. Mimi ni Ciza, nafuata mapacha. Mapacha wenyewe mmoja yuko kwenye ndege na mwingine yuko chini ya mti wa mpichi. Mama akiwa anafunga kilemba nikapakua mwenyewe, nikafunika, nikaweka pale pale kwa karo, nikaondoka. Sikugeuka. Mazoea tu. Getini nikasikia kitu kwenye changarawe nyuma yangu, hatua fupi, nyepesi, zikielekea kwa karo, na nikaendelea kutembea kwa sababu nilijua nikigeuka atasita.

Tuliporudi sahani ilikuwa tupu, na imefunikwa. Bukuru hakuwahi kufunika. Mvulana yule hajui kufunika hata sufuria. Ndugu zangu, najua mtasema paka. Paka hafuniki sahani. Mtasema Mama. Mama alikuwa amekaa nami benchi moja ibada nzima. Mwenye nyumba wetu, mzee wa Kireno, alikuwa hospitali wiki ile. Mama aliitazama ile sahani kwa muda mrefu sana. Akaiosha. Jumapili iliyofuata akapakua yeye mwenyewe, akanipa, na aliniambia jambo moja tu.

"Bukuru asijue. Akijua ataanza tena kugeuka."

Kwa hiyo hakujua. Alikimbia huko miaka mingi. Alitutumia video, na Mama aliwaonyesha watu kwenye foleni ya benki, kanisani, hata dereva wa teksi: huyu mdogo anayepita katikati ya majitu, huyu wangu, raningi beki. Shuleni walimpenda, chuo kikuu kikamchukua, kuna mwaka jina lake lilikuwa likiimbwa na uwanja mzima, kwa matamshi mabaya. Mimi nilikuwa naangalia kitu kimoja katika kila video, shingo yake. Haikugeuka hata mara moja. Mwaka jana goti lilikatika. Walilipasua, walilishona, daktari akasema mbio basi. Sasa anafundisha watoto wa huko kukimbia, anatembea kwa kuchechemea kidogo, na anajipaka dawa ile ile.

Juzi yule mteja alipolipa na kuondoka na harufu yake, nilifunga saluni mapema, nikampigia. Tukaongea ya goti, ya baridi, ya Mama. Halafu nikaona kwamba hakuna tena wa kumvunja shingo.

"Kaka," nikamwambia. "Ile sahani."

"Bado una hasira?" akacheka. "Si mliacha siku za matanga?"

"Hatujaacha."

Kicheko kikakatika. Nilisikia hita ya huko ikivuma chumbani kwake.

"Nani anakula, Ciza?"

"Si mimi. Si Mama."

"Inarudi tupu?"

"Kila Jumapili. Tupu, na imefunikwa."

Kisha nikamsikia analia, taratibu, kama mtu anayetua mzigo na hataki kuamsha wenzake.

"Basi alifika," akasema. "Ciza, basi alifika."